Je, Yafaa Kuuza Hewa ya Mikoko?

Sifa zote njema zinamrejea Mwenyezi Mungu, aliyeotesha miti bara na pwani, akaweka katika kila alichokiumba manufaa tuyajuayo na tusiyoyajua. Na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake, na sahaba zake, na kila aliyewafuata kwa wema. Amma baad:

Ndugu zetu Waislamu! Jumamosi moja ya mwezi uliopita, baada ya sala ya Isha, tulipokuwa tumekaa katika darsa yetu hapa Pumwani, alisimama kijana mmoja akaaye Kayole, naye ana karatasi mkononi. Akasema: "Maalim, mjomba wangu amenipelekea karatasi hii kutoka kwetu pwani ya kusini. Ni kurasa 18, zote kwa Kiingereza. Wazee wametakiwa watie dole gumba kabla ya mwezi kwisha, wala hawajui kilichomo. Wameambiwa kuwa hewa ya mikoko yao itanunuliwa. Je, jambo hili lafaa katika dini yetu? Na je, watie dole au wasitie?"

Watu waligawanyika mafungu matatu papo hapo. Wako waliocheka, wakasema kuwa tangu lini hewa ikauzwa, na aliye na wazimu ni muuzaji au mnunuzi? Wako waliokasirika, wakasema kuwa hii ni haramu isiyo shaka, kwani mtu hauzi asichokishika. Na wako waliofurahi, wakamwambia yule kijana: "Mwambie mjomba atie dole haraka, kheri imemjia mlangoni!" Maalim hakumjibu siku ile. Alitutaka tutafute khabari kwanza, kwani mwenye kujibu kabla ya kujua huibebesha dini ujinga wake. Tumetafuta, na haya ndiyo tuliyoyapata. Hatutataja kijiji hicho wala walioleta karatasi, kwa kuwa makusudio yetu ni nasaha, si kumwaibisha mtu.

KITU GANI KINACHOUZWA?

Makaa na mafuta ya petroli yakiungua, hutoa hewa iitwayo hewa ya ukaa. Hewa hii ikizidi angani, hulizuia joto la dunia lisitoke, kama blanketi limzuiavyo mgonjwa wa homa asipoe. Madhara yake hatuhitaji kuhadithiwa. Ndugu zetu wa kaskazini walipotewa na mifugo katika ukame wa 2020 hata 2023, na mafuriko ya Aprili na Mei 2024 yaliingia nyumbani mwa watu kando ya mto Mathare, karibu na hapa tukaapo.

Sasa, mti unapokua huivuta hewa hii, ukajengea shina lake na matawi yake na mizizi yake. Ukikatwa na kuchomwa, hewa ile hurudi angani. Na katika miti yote mikoko ina sifa ya pekee, kwani sehemu kubwa ya ukaa huzikwa chini katika tope lake, ikakaa humo miaka mingi ikiwa tope halikuvurugwa.

Mataifa yalipokutana Kyoto mwaka 1997, kisha Paris mwaka 2015, yalikubaliana njia za kuipunguza hewa hii, na mojawapo ikawa biashara. Aliye na kiwanda au ndege, naye hutoa moshi, humlipa mwenye kuupanda msitu au kuulinda. Tani moja ya hewa ya ukaa iliyozuiliwa huandikiwa hati moja, na hati hiyo ndiyo iuzwayo. Kwa hiyo mnunuzi hatii hewa katika gunia. Alipacho hasa ni kazi ya kupanda, kulinda, na kujizuia usikate.

MFANO WA GAZI

Huenda mtu akasema: "Hayo ni maneno ya vitabuni, wako wapi maskini waliofaidika?" Jawabu lake si mbali. Kule Kwale, kusini ya Mombasa, iko ghuba ya Gazi, na kando yake viko vijiji viwili, Gazi na Makongeni. Wakazi wake wengi ni Waislamu, wavuvi na wakulima. Katika miaka ya 1970 mikoko ya ghuba ile ilikatwa sana kwa ajili ya kuni za viwanda na boriti za kujengea, hata mahali pengine pakabaki tope tupu. Mwaka 1991 wataalamu wa taasisi ya serikali ya utafiti wa bahari walianza kuipanda tena pamoja na wanakijiji. Na mwaka 2013 ukaanza mradi uitwao Mikoko Pamoja, ambao husemwa kuwa ni wa kwanza duniani wa kijamii kuuza hati za kaboni kutokana na mikoko.

Ukubwa wake ni hekta 117 tu. Hati zake ni za tani zipatazo 3,000 kwa mwaka, na mapatano yake yaliwekwa kuwa ya miaka 20. Fedha ipatikanayo imezidi dola 10,000 kwa mwaka. Ewe msomaji, ukizigawa fedha hizi nyumba kwa nyumba katika vijiji viwili, kila nyumba itapata kitu cha kununulia unga wa siku chache, kisha basi. Lakini watu wa Gazi hawakuzigawa hivyo. Wao hukaa barazani, wakashauriana, wakaamua jambo moja la wote. Wameleta maji ya mfereji vijijini, wakanunua vitabu vya skuli na kutengeneza madarasa. Tena wakapanda mivinje, ili mwenye haja ya boriti na kuni apate pengine pa kukata asiuguse mkoko. Mwaka 2017 walipewa tuzo ya Umoja wa Mataifa iitwayo Equator, na mwaka 2019 majirani zao wa Vanga, Jimbo na Kiwegu wakafungua mradi wao katika mikoko ipatayo hekta 460.

Mazingatio yaliyo hapa ni haya: fedha ya kaboni ikitawanywa ni ndogo, na ikikusanywa ni kubwa. Wazee wetu waliijua hikima hii kabla ya kuja neno kaboni, nao waliiita wakfu. Shamba la wakfu haliuzwi wala halirithiwi. Shina lake hubaki, na matunda yake huwafikia wengi. Kijiji kikiutazama msitu wake kwa jicho hilo, kitafaidika. Kikiutazama kwa jicho la mtu aliyeokota noti njiani, kitajuta.

JE, NI HALALI?

Sisi si mamufti, wala hatuwazuii wenye elimu kubwa zaidi kutusahihisha. Lakini twasema kama tulivyofahamu.

Aliyesema kuwa mtu hauzi asichokishika amesema kweli, na makatazo hayo yamepokewa kwa Mtume (S.A.W.). Lakini tumekwisha kuona kuwa wanakijiji hawauzi hewa ya Mwenyezi Mungu. Wao walipwa ujira wa kazi. Na maulamaa wetu wanaujua mlango uitwao ju'ala, yaani ahadi ya malipo kwa atakayeikamilisha kazi fulani. Katika kuueleza hutaja kisa kilichomo katika Sura ya Yusuf, pale kilipopotea chombo cha mfalme cha kupimia, ikatangazwa kuwa atakayekileta atapewa shehena ya ngamia mmoja. Basi mwenye kuahidiwa malipo kwa kuutunza msitu kwa miaka mitano, naye akautunza, amekula halali yake. Tena Mtume (S.A.W.) ametufundisha kuwa Muislamu akipanda mche, kisha akala matunda yake ndege au mtu au mnyama, huandikiwa sadaka. Seuze mti unaomfaa hata asiyeuona!

Lakini ziko sharti mbili, na hapo ndipo panapoharibika mambo.

Sharti ya kwanza ni kuwa pasiwe na gharar, yaani biashara ya gizani, ambayo mmoja hajui anachokitoa wala atakachokipata. Mtume (S.A.W.) ameikataza. Karatasi ya kurasa 18 kwa lugha asiyoijua mtia dole, ni giza gani lililo kubwa kuliko hilo? Aya iliyo ndefu kuliko zote katika Qur'ani, nayo ni ya 282 ya Sura ya Al-Baqara, haikuja kueleza sala wala saumu. Imekuja kufundisha kuandikiana deni, na uadilifu wa mwandishi, na mashahidi. Tena imeeleza kuwa asiyeweza kuandikisha mwenyewe asimamiwe na msimamizi wake kwa haki. Tazama jinsi dini yetu inavyomlinda asiyejua kusoma!

Sharti ya pili ni mizani. Kitu kisichoonekana ni rahisi kupunjwa kuliko mchele. Mpima mchele ukimtilia shaka, utaupima tena. Lakini nani atakayeipima tena hewa? Mwaka 2023 magazeti ya Ulaya yalitoa uchunguzi uliodai kuwa hati nyingi za misitu ya kitropiki zilizouzwa duniani hazikuwa na hewa iliyozuiliwa kwa kweli, na sifa ya biashara nzima ikashuka. Sura ya Al-Mutaffifin imefunguliwa kwa kuwatisha wapunjao vipimo, na onyo hilo linamfikia mpima hewa kama linavyomfikia mwenye duka la Gikomba. Nalo linatufikia sisi pia: mwanakijiji alipwaye kwa kulinda, kisha akakata usiku, naye amepunja.

Kuna mtu aliyetuuliza: "Je, huyu tajiri hanunui hati hizi ili aendelee kutoa moshi?" Wako wafanyao hivyo, wala hatuwatetei. Toba haisihi kwa ulimi na hali mkono umo katika dhambi, na mwenye kununua miti bila ya kupunguza moshi wake amefanana na huyo. Lakini dhambi yake ni yake. Haimnyimi haki mlinzi wa mkoko, aliyesimama katika tope tangu alfajiri.

HAKI YA MNYONGE

Huko Isiolo, watu wa jamii za wafugaji walikwenda mahakamani mwaka 2021 kulalamika kuwa hifadhi ziliwekwa katika ardhi yao pasi na kushauriwa ipasavyo. Januari 2025 Mahakama ya Mazingira na Ardhi iliamua kuwa hifadhi mbili, Biliqo Bulesa na Cherab, ziliundwa kinyume cha sheria. Na Biliqo Bulesa ilikuwa miongoni mwa maeneo yaliyohesabiwa katika mradi mkubwa wa kaboni, ingawa wa kule ni wa udongo wa malisho, si wa msitu. Basi hiyo ndiyo khasara ya kuanza kwa kalamu na kumalizia kwa shauri. Mradi uliokosa ridhaa ya wenyewe huwa kama nyumba iliyojengwa juu ya kiwanja cha mtu: ukuta ukipendeza vipi, kesi iko pale pale.

Na serikali yetu imeliona jambo hili. Septemba 2023, siku chache kabla ya viongozi wa Afrika kukutana hapa Nairobi kwa ajili ya tabianchi, Sheria ya Mabadiliko ya Tabianchi ilirekebishwa. Miradi iliyo katika ardhi ya jamii sasa yatakiwa iwe na mapatano ya maendeleo pamoja na jamii hiyo. Na miradi ya ardhini imelazimishwa kuwapa watu wa pale, kila mwaka, angalau asilimia 40 ya mapato ya mwaka uliotangulia, baada ya kuondolewa gharama za kazi. Kanuni zake zikafuata mwaka 2024. Hii ni hatua njema, twaishukuru. Lakini msomaji mwerevu na ayatazame maneno yale ya mwisho: baada ya kuondolewa gharama. Nani atakayezihesabu gharama hizo? Ikiwa mgeni ndiye mwenye kalamu na wewe huna macho katika daftari, basi asilimia 40 ya kitu kilichokwisha kuliwa ni mkono mtupu.

Na hapa tumkumbuke Sayyidna Umar bin Al-Khattab (R.A.). Katika ukhalifa wake palikuwapo malisho yaliyohifadhiwa, yaitwayo hima, nayo yalitengwa kwa ajili ya wanyama wa mali ya umma. Alimweka mlinzi jina lake Hunayy, na wasia aliompa umepokewa katika Sahihi ya Bukhari. Alimwamrisha awe mpole kwa Waislamu, na aiogope dua ya mwenye kudhulumiwa. Kisha akamwambia amruhusu kuingia mwenye ngamia wachache na kondoo wachache, na ajihadhari na makundi ya Ibn Awf na Ibn Affan. Nao walikuwa masahaba watukufu, matajiri kwa mali ya halali! Sababu yake Umar aliieleza mwenyewe: matajiri hawa mifugo yao ikifa, wanayo mitende na mashamba ya kurejea, ama maskini, mifugo yake ikifa, atakuja na watoto wake kwa khalifa kuomba.

Subhanallah! Leo katika sehemu nyingi mambo yamegeuzwa. Msitu ukihifadhiwa, wa kwanza kufukuzwa ni mwanamke mjane aokotaye kuni kavu, na wa mwisho kuulizwa ni mwenye msumeno wa mashine. Twasema kwa uwazi: hifadhi isiyoanza kwa kumtazama mnyonge haikufuata mwenendo wa Umar, hata ikiwa na hati elfu na mihuri ya Ulaya.

JAWABU LA KIJANA WETU

Kwa hiyo, ewe ndugu yetu wa Kayole, mwambie mjomba wako kuwa biashara hii yenyewe si haramu kwa tulivyofahamu, tena yaweza kuwa kheri kubwa. Lakini dole lisitiwe mpaka karatasi igeuzwe kwa Kiswahili, isomwe barazani, wanaume na wanawake wakisikiliza, na maswali haya manne yajibiwe kwa maandishi:

Kwanza: Ardhi na mikoko itabaki kuwa ya nani, na mapatano ni ya miaka mingapi? Kwani miaka 30 humfunga hata mtoto ambaye hajazaliwa.

Pili: Nani atapima, kwa njia gani, na kijiji kitaonyeshwa lini hesabu za tani zilizouzwa na bei zake?

Tatu: Fungu la kijiji ni kiasi gani, gharama zitakazotangulia kuondolewa ni zipi, na kamati itakayoshika fedha itachaguliwa na nani na kuondolewa na nani?

Nne: Siku msitu utakapofungwa, mkata boriti, mwokota kuni na mvuvi wa kaa watakula nini? Gazi walipanda mivinje. Hapo kwenu patapandwa nini?

Mwenye nia safi hatachukizwa na maswali haya. Atakayechukizwa, kuchukizwa kwake kumekwisha kuwa jawabu.

NA SISI WA MITAA HII

Tusidhani kuwa hutuba hii ni ya watu wa pwani peke yao. Sisi tukaao Majengo, Shauri Moyo, Eastleigh, Kariobangi, Dandora na Umoja tunahusika kwa njia mbili.

Njia ya kwanza ni makaa. Gunia liingialo mjini usiku kwa lori, kisha likauzwa mkebe kwa mkebe mlangoni petu, ni mti uliosimama mahali. Hatusemi maskini asipike! Twasema israfu iondoke. Mafundi wa Shauri Moyo na Kamukunji wamekuwa wakitengeneza jiko lenye udongo ndani tangu miaka ya 1980, nalo hula makaa machache kuliko jiko la bati tupu. Mwenye uwezo wa kununua jiko jema au gesi, kisha akaendelea kuchoma makaa kwa mazoea tu, atasemaje juu ya mikoko ya wengine?

Njia ya pili ni nzito zaidi, nayo ni elimu. Wazee wetu walitoka Kwale, Taita, Tana, Isiolo na kwingineko, wakaja mjini, wakatusomesha. Twajua kusoma mikataba ya nyumba na ya mikopo. Lakini wangapi katika sisi huenda kwao siku ya maziko tu, kisha wakarudi na basi la usiku? Na ubaya zaidi, wako vijana wasomi waendao kwao wakiwa madalali, wakawahimiza wajomba zao watie dole ili wao wapate ujira wa upatanishi. Huyu ameifanya elimu aliyosomeshwa kwa samaki wa mjomba wake kuwa chusa ya kumchomea. Tumche Mungu! Elimu ni amana, na siku ya amana yako ni siku mzee asiyesoma akuletee karatasi, akakuuliza: "Mwanangu, hapa pameandikwa nini?"

Darsa yetu imekata shauri kuwa kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi, baada ya Isha, wajuao Kiingereza na sheria watakaa kuwasomea watu karatasi za namna hii bila ya malipo. Kwenu nyote wito umefika.

Ama yule kijana, alimsomea mjomba wake karatasi yote kwa simu, usiku tatu mfululizo, ukurasa baada ya ukurasa. Wazee waliposikia kuwa mapatano ni ya miaka 30, na kuwa fungu lao halikutajwa kwa idadi, waliandika barua ya kuomba muda na kuomba karatasi ya Kiswahili. Tunapoupeleka waraka huu kupigwa chapa, dole bado halijatiwa, na mikoko imesimama.

Ee Mola wetu, tupe rizki ya halali, utuepushe na dhulma ya kudhulumu na ya kudhulumiwa, na uwafungulie wanyonge wetu macho ya kuona na ndimi za kuuliza. Amin.